Kibao Kisichobonyea

Mzee Herufi alinyamaza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa siku moja. Alikuwa juu ya ngazi akimalizia bango la duka la viatu, brashi ikamponyoka. Akashuka kwa miguu yake mwenyewe, akakaa chini kama mtu aliyechoka tu, na mdomo ukapinda. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu, na sauti ikaondoka nao. Mara ya pili alinyamaza kidogo kidogo, kwa miezi miwili, mchana kweupe, watoto wake wakimtazama.

Jina la Herufi alipewa na wateja. Kwa miaka zaidi ya thelathini alichora mabango ya maduka, zahanati na vinyozi, na hakukubali kosa la herufi lipite mkononi mwake hata mteja akilitaka mwenyewe. Aliwahi kubishana asubuhi nzima na mwenye bucha aliyetaka neno "nyama" liandikwe kwa m mbili, ati lionekane limenona. Mwenye bucha alishindwa.

Baada ya kiharusi alihamia kwa binti yake, mwokaji wa mikate, mwanamke aliyekuwa akitoka alfajiri na kurudi adhuhuri na unga kwenye nyusi. Asubuhi jirani alikuwa akija kukaa na mzee. Jumamosi alikuja mtoto wa pili, msoma mita za maji, aliyekuwa akiishi upande wa pili wa mji. Huyo ndiye aliyeleta laptopu.

Ilikuwa ya mtumba, lakini aliiandaa vizuri. Alijaza kioo kizima herufi kubwa, kila moja kwenye kisanduku chake. Unapeleka mshale juu ya herufi, unabonyeza, nayo inajiandika juu. Walijaribu kipanya cha waya, kikadondoka kitandani mara tatu. Basi mzee akabaki na kile kibao kilicho chini ya vitufe, cha kuburuzia kidole, na kidole chenyewe kilikuwa kimoja, cha shahada cha mkono wa kushoto, maana mkono huo nao ulidhoofika, vidole vingine vikakunjika visiweze hata kushika kalamu. Kwa kuwa kidole kilitetemeka na kila mguso uliandika herufi isiyotakiwa, mwanawe akazima ile njia ya kugusa, ikabaki ya kubonyeza mpaka usikie *tik*.

Siku ya kwanza mzee alichukua robo saa. Kisha kioo kikaandika: "Naomba maji. Yasiwe ya moto." Na nukta zake zote mbili. Alipokwisha kunywa akamgeukia mwanawe, akaandika tena: "Shati hilo linakuzeesha." Walicheka mpaka machozi, na mzee naye akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Kwa miezi mitano nyumba ile ilikuwa na mazungumzo. Mzee aliuliza bei ya unga, akalalamikia redio ya jirani, akamwagiza binti yake aende akaangalie kama bango la zahanati limeanza kubanduka. Hakuruka mkato. Hakuruka nukta.

Ndipo makosa yakaanza. Siku moja aliandika "Naomb mji". Wiki iliyofuata, herufi tatu tu, na jasho likimtiririka shingoni. Mshale ulikwenda ulikotakiwa, ukakaa hapo, na hakuna kilichoandikwa. Binti yake alikuwa akiinama juu yake, akibonyeza yeye, na herufi ikatokea.

"Mbona mimi nikibonyeza inakubali, Baba?"

Mikono yake ilikuwa imekanda unga miaka kumi na minane. Hakujua ni nguvu kiasi gani aliyotumia. Mzee alimkazia macho, kichwa kikitikisika. Lakini kichwa kile kilitikisika tangu kiharusi, usiku na mchana, na hapakuwa na wa kutofautisha ndiyo na hapana. Mara nyingine mzee aliupiga mtandiko kwa ngumi ya kushoto. Binti alikuwa akiiondoa laptopu haraka, asije akaivunja.

Daktari wa kliniki alimpima, akasema huenda kimempitia kiharusi kingine kidogo kisichoonekana. "Hali kama hii hushuka kama ngazi, mama. Leo hatua moja, kesho nyingine. Jiandaeni."

Wakajiandaa. Na kujiandaa kwenyewe kulikuwa hivi: walianza kusema mbele yake kama mtu anavyosema mbele ya kabati.

Katika siku hizohizo shangazi yao aliugua. Alikuwa dada mkubwa wa mzee, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Aliishi mwendo wa siku nzima kwa basi. Habari ya ugonjwa ilikuja kwa simu, na binti aliiweka kwa sauti kubwa chumbani kwa baba yake, huku akimkunjia nguo. Jioni ile mzee alitaka laptopu. Alihangaika nayo mpaka giza likaingia, na alichokiandika kilikuwa "ddddd". Kesho yake "dd", kisha "da". Kesho kutwa hakuna kitu.

"Anabonyeza ovyo sasa," alisema msoma mita siku ya Jumamosi, akakifunika kioo taratibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunika chakula kilichochacha.

Shangazi alipiga simu mwenyewe mara moja. Pumzi ilikuwa fupi. "Niwekee simu sikioni mwake," alisema. "Hata asipojibu. Nisikie tu anavyohema."

Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, miguu imemvimba kwa kusimama mbele ya tanuri. Baba yake alikuwa amelala chali, macho juu ya dari. "Amelala, Shangazi," alisema. Lilimtoka tu. Kumwinua mzee, kumpangia mito, kumshikia simu, ya nini, na mwenyewe haelewi? "Akiamka nitakupigia."

Hakupiga. Siku ya tisa shangazi akafariki.

Shauri la msiba lilifanyika hapohapo kando ya kitanda, kwa kuwa ndiko viti vilikokuwa.

"Tumwambie?" binti aliuliza.

"Umwambie nani?" Msoma mita alijibu kwa uchungu, maana naye alimpenda baba yake. "Dada, tusijidanganye. Kumpakia mtu huyu garini siku nzima, kwenda na kurudi, tutazika wawili. Hatajua. Mwache apumzike."

Walimwacha na jirani siku tatu, wakaenda, wakazika, wakarudi. Jirani aliwaambia kwamba mzee hakula vizuri. Walisema ndiyo hali yenyewe.

Mwezi ukapita. Jumamosi moja msoma mita aliifungua laptopu, akaifuta vumbi. "Hii inakaa bure," alisema. "Niichukue kazini, ya kwetu imekufa." Akaburuza kidole, akabonyeza, akabonyeza tena. Uso ukamkunjika. "Mbona ngumu hivi? Dada, nipelekee kwa fundi katikati ya wiki, nitaipitia Jumamosi."

Basi binti aliipeleka Jumanne, akitokea kazini. Hakuipeleka kwa ajili ya baba yake. Hilo alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote.

Fundi alijulikana kama Miwani Mbili, kwa sababu moja aliivaa machoni na nyingine ilikaa kwenye paji la uso ikingoja zamu. Kibanda chake kilibanwa kati ya saluni na duka la fotokopi, na ukutani palitundikwa vizibo vya chupa za dawa vilivyojaa skrubu, kila saizi na kizibo chake. Aliipokea laptopu, hakuiwasha. Aliiweka mezani, akagusa pembe moja kwa kidole. Ikacheza kama meza yenye mguu mfupi.

"Umeiona? Imeota tumbo." Akapitisha ukucha pembeni mwa kibao. "Na hapa kimeinuka." Alikibonyeza kwa kidole kimoja, kimya. Kwa dole gumba, kimya. Kwa madole gumba yote mawili, mabega yakishuka, *tik*. "Hee. Mimi mwenyewe inanitoa jasho. Ilikuwa inakaa kwenye chaja muda wote?"

"Muda wote. Nilikuwa siichomoi, isije ikazimika mtu akiwa na haja."

"Na inakaa wapi?"

"Kitandani. Juu ya blanketi."

 Fundi alibadilisha miwani, akaigeuza laptopu kifudifudi, akaanza na bisibisi. Skrubu nane zilionekana, na mbili zilijificha chini ya miguu ya mpira. Kisha akapenyeza kipande cha kadi ya plastiki pembezoni, akazunguka nacho polepole, na mfuniko ukaachia wenyewe, kama uliokuwa unasubiri kusukumwa.

Binti aliinama kutazama. Ndani mlikuwa na vifuko vitatu bapa vya rangi ya fedha. Angalau vilipaswa kuwa bapa. Viwili vilikuwa vimeumuka, vimejaa, ngozi imekaza. Mwanamke yule alikuwa ameona kitu cha umbo lile kila alfajiri ya maisha yake ya kazi, na mkono ukamwendea wenyewe.

"Usiguse!" Fundi alimzuia. "Ikitoboka hiyo tutakimbia wote, na wa saluni na vichwa vyao vya sabuni. Ni betri. Imevimba." Aliibandua kwa kadi ileile, milimita kwa milimita, akiipulizia maneno ya kubembeleza kana kwamba inamsikia, akaitoa nje na kuilaza kwenye ndoo ya mchanga. Aliporudi alimwonyesha mahali ilipokuwa. "Kibao kinakaa juu yake hapa, sawa? Ukibonyeza, kinatakiwa kishuke kidogo tu, unene wa karatasi. Betri ikivimba inakisukuma kutoka chini. Kinakosa pa kushukia. Hakijafa, kimekosa nafasi."

Alichomoa utepe mwembamba wa kibao, akafuta ncha zake, akaurudisha. Kwa brashi ndogo alitoa vumbi jeupe lililojaa kwenye kingo. "Nyumbani kwenu mnapaka chokaa?"

"Ni unga," alisema binti.

Akalegeza skrubu moja ndogo kuliko punje ya mtama, akaweka betri mpya, akafunga. Kisha akageuza mashine, akanyoosha kidole chake cha mwisho, kile kidogo kabisa, akakigusisha kibao kama mtu anayeonja chumvi.

*Tik.*

"Sasa hivi mtoto mchanga atabonyeza," alisema, akiridhika na kazi yake. "Nani alikuwa akiitumia?"

"Baba yangu. Ana kiharusi. Ana kidole kimoja tu kinachofanya kazi."

Miwani Mbili alizitoa zote mbili. Bila miwani, uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi. "Kidole kimoja," alirudia. "Basi huyo mzee alikuwa anasukuma ukuta, mama."

"Tangu lini?"

"Betri haivimbi kwa siku moja. Hii miezi miwili, mitatu." Alipomwona alivyobadilika, akajaribu kumfariji. "Wengi hawajui. Wengine huniletea ikishawaka moto."

Binti alikaa kwenye kigoda cha wateja. Kutoka saluni ya jirani ilisikika kelele ya kikausha nywele na mtu akicheka. Alihesabu kurudi nyuma. Mwezi mmoja tangu mazishi. Siku tisa kabla ya kifo, ile simu. Kabla yake, jioni ile ya jasho. Ddddd. Dd. Da. Baba yake hakuwa akibonyeza ovyo. Alikuwa akiandika neno la herufi nne, na alilisukuma jioni nzima, akapata moja.

Alirudi kwa miguu, laptopu kaikumbatia kifuani. Nyumbani alimshukuru jirani, akamngoja aondoke, akafunga mlango. Mzee alikuwa kalala ubavu, kaelekea ukutani. Binti alimgeuza, akampangia mito, akaiweka laptopu juu ya ubao wa kukatia mboga badala ya blanketi, akaiwasha. Herufi zikajaa kioo. Akaushika mkono wa baba yake auweke kwenye kibao.

Mzee aliuvuta mkono.

"Baba." Aliuachilia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, ilikuwa ni mashine. Betri ilivimba ndani. Haikuwa wewe. Fundi ameitengeneza. Haikuwa wewe, ni sisi tuliokosa akili."

 Kichwa kilitikisika mtikisiko wake wa siku zote. Kisha kidole kikatoka, kikakigusa kibao, kikabonyeza kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kukataliwa. *Tik.* Mzee akakitazama kidole. Akabonyeza tena, pole kidogo. *Tik.* Pumzi ikamtoka puani, ndefu.

Binti alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akihesabu milio kwa sababu hakuthubutu kutazama kioo. Ilipokoma, alinyanyua macho.

"Dada amezikwa wapi?"

Na alama yake ya kuuliza.

Alimweleza. Alimweleza makaburi yaliyo juu ya shule, njia ya kokoto, ukuta mfupi, udongo mwekundu, watu waliokuja. Mzee alisikiliza, macho hayabanduki. Kisha kidole kikaanza tena, na safari hii binti alitazama kila herufi ikitua.

"Aliniulizia?"

Angeweza kusema hapana. Aliufikiria uongo huo, akaona ulivyo mwepesi, kama ule wa kwanza.

"Ndiyo, Baba. Alipiga simu. Alitaka niiweke sikioni mwako, asikie unavyohema." Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye shuka na hakuyafuta. "Nilimwambia umelala."

Kidole kilikaa juu ya kibao bila kusogea. Redio ya jirani ilimaliza wimbo mmoja, ikaanza mwingine. Ndipo milio ikaja, mmoja mmoja, haina haraka.

"Nilikuwa macho."

Hakuandika kingine siku ile.

Jumamosi msoma mita alikuja kuchukua laptopu, akamkuta dada yake mlangoni, macho mekundu. Alisimuliwa yote barazani. Aliingia chumbani na kofia mkononi, akakaa kwenye kile kiti alichokalia siku ya shauri.

"Mzee," alisema, "tungejuaje? Hata daktari hakujua. Tungejuaje, Baba?"

*Tik, tik, tik.* Ilichukua muda. "Mngeniuliza. Macho yangu yanafumba na kufumbua."

Msoma mita alilisoma, akalisoma tena kwa midomo. Aliuinamisha uso kwenye kofia yake na mabega yakaanza kumtikisika. Na ilikuwa kweli. Katika miezi yote ile, hakuna aliyewahi kusema, Baba, fumba macho kama unaelewa. Jambo la dakika moja. Halikumjia yeyote.

Walimpeleka kaburini wiki iliyofuata, kwa gari la kukodi, mito mitatu kila upande. Njia ya kokoto ilikishinda kiti cha magurudumu walichoazima, kwa hiyo mwanawe alimbeba mgongoni kama mtoto, na binti akatembea nyuma akishika miguu iliyoning'inia. Pale mzee alielekeza macho chini mpaka wakamwelewa, wakamlaza juu ya udongo. Aliuweka mkono wa kushoto kwenye tuta, kiganja chini, akakaa hivyo. Mvua ya manyunyu ikaanza. Binti akamwinamia.

"Baba, twende? Fumba macho kama tayari."

Hakufumba. Walimfunika kwa koti la msoma mita, wakasubiri. Binti aliuliza tena, na tena, na mara ya nne mzee akafumba.

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Kwa mwanawe alirudia utani, akamsema kwa mashati yake, akamtuma magazeti. Kwa binti yake aliandika ya lazima: maji, mto, geuza, asante. Asante hakuiruka hata siku moja, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi, maana mtu humshukuru hivyo mgeni. Binti naye hakuomba aambiwe amesamehewa. Aliona si haki yake kulidai neno lile kutoka kwa mtu anayelipa kila herufi kwa jasho. Alimuuliza tu kila jambo. Baba, dirisha? Baba, uji sasa au baadaye? Baba, mjomba kapiga simu, unataka kusikia? Na akasubiri jibu hata mkate ukimngoja.

Karibu na mwisho, mchana mmoja, mzee aliitisha laptopu bila haja ya maji wala mto. "Kaa," aliandika. Akakaa. "Dada yangu alinifundisha kusoma kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko."

Kuanzia siku ile alimwandikia kila alasiri, sentensi mbili, mara nyingine nne. Jinsi dada yake alivyouza viatu vyake ili yeye apate daftari. Jinsi alivyomfuata mwalimu nyumbani kwake kumgombeza. Jinsi alivyokuwa akiimba vibaya na kujua. Binti alikaa akisoma, na mzee hakumtazama alipokuwa akiandika, lakini alimngoja afike ndipo aanze.

Walifika mahali ambapo shangazi alikuwa na miaka ishirini na mbili, na kijana mmoja fundi baiskeli alikuwa ameanza kupita mbele ya nyumba yao mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee alifariki asubuhi ya Alhamisi, binti akiwa kazini. Kijana yule hakuwa mume wa shangazi waliyemjua, na binti hajui ilikuwaje. Amewauliza ndugu wote waliobaki. Hakuna anayejua.